Mama anataka kushika theluji: naomba ushauri wa siku kumi Uswisi, mwezi wa sita

MwanaMachame (Arusha)

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kwa waliofika Uswisi au wanaoishi huko, maana nimesoma usiku kwa usiku mpaka nimechanganyikiwa.

Mama yangu ana miaka 69. Kazaliwa Machame, kaolewa Machame, na kafundisha shule ya msingi hapo hapo miaka 34. Ukisimama nyuma ya jiko lake asubuhi kabla mawingu hayajashuka, Kibo, kilele cha Kilimanjaro, hii hapa mbele yako, nyeupe juu. Krismasi ya mwaka juzi tulikuwa nyumbani, binti yangu akamuuliza, "Bibi, ile theluji ukiishika ikoje?" Mama akanyamaza kidogo, akasema hajui. Kaichora ubaoni miaka yote hiyo, anaiona kila siku anapochota maji, na hajawahi kuigusa. Magoti hayamruhusu tena kupanda mlima. Usiku ule mimi na mke wangu tukakubaliana: tutampeleka mahali ambapo treni inafika mpaka kwenye theluji.

Tuko watano: mama, mke wangu, mimi, kijana wa miaka 13 na binti wa miaka 9. Tunaondoka Jumamosi tarehe 13 Juni shule zikiwa zimefungwa, tunarudi tarehe 23. Ratiba niliyochora ni hii: Zürich usiku mbili, Luzern mbili, Interlaken mmoja, Zermatt mbili, kisha treni ya watalii ya Glacier Express hadi St. Moritz tulale usiku mmoja, halafu Geneva usiku wa mwisho na kupanda ndege.

Maswali yangu. Mwezi wa sita theluji ipo kweli, au tutafika tukute majani matupu? Mama ana presha, anameza dawa kila siku na hali yake ni nzuri, ila Jungfraujoch, ile stesheni ya juu kwenye theluji, ni mita 3,454, nina wasiwasi. Tiketi za treni zipo za aina nyingi mno, tuchukue ipi? Na chakula: mama hali jibini kabisa, hata harufu yake haipendi.

Fedha tumeweka kwa shida, hatuna nafasi ya kurudia. Nitashukuru kwa neno lolote.

Mzee_wa_Kurasini (Dar es Salaam)

Mkuu, hongera kwa wazo hilo. Kabla ya milima, shughulikia viza. Uswisi imo kwenye Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla. Usingoje hizo 15. Kwa kawaida jibu hutoka ndani ya siku 15 lakini wana haki ya kuchukua hadi 45, na miezi ya karibu na kiangazi nafasi za kupeleka makaratasi hujaa. Anza mwezi wa pili au wa tatu.

Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima. Binti yako wa miaka 9 ni yuro 45, wala hachukuliwi alama za vidole. Kijana wa miaka 13 analipa kama mtu mzima, hilo watu wengi hulisahau kwenye bajeti. Bima ya safari iwe ya angalau yuro 30,000 na iseme inafanya kazi nchi zote za Schengen. Pasipoti iwe na muda wa miezi mitatu zaidi baada ya siku ya kutoka, isizidi miaka kumi tangu itolewe, na kurasa mbili tupu.

Mimi mara ya kwanza nilinyimwa. Nilikuwa na fedha, lakini sehemu kubwa niliiingiza benki kwa mkupuo siku chache kabla ya kuomba, na sikueleza imetoka wapi. Nilikuwa nimeuza kiwanja. Ningeambatanisha hati ya mauzo pamoja na barua fupi, ingetosha. Mara ya pili nilifanya hivyo nikapewa. Kwa hiyo kama mna akiba ya kikundi au umeuza kitu, eleza kwa maandishi. Kwa mama, weka taarifa ya pensheni yake, karatasi za nyumba na shamba, na barua yako ya kumgharimia. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto visikosekane.

MamaNeema_Spiez

Mdogo wangu MwanaMachame, nimesoma habari ya mama nikaacha vyombo kwenye sinki nikakaa kuandika. Mimi ni Msambaa wa Lushoto. Huu ni mwaka wa kumi na mbili naishi Spiez, kando ya ziwa la Thun, na kazi yangu ni usafi wa vyumba katika hoteli moja Interlaken.

Ukisafisha vyumba muda mrefu unajua safari ya mtu kwa namna alivyokiacha chumba. Mgeni wa usiku mmoja namtambua mlangoni: kitanda kimelaliwa upande mmoja, sabuni haijafunguliwa, kwenye kapu kuna mkate ulioumwa mara moja. Wengine nakutana nao ngazini saa kumi na mbili asubuhi, mvua inanyesha, wanavuta masanduku kwenda stesheni. Saa nne mawingu yanafunguka, mlima Jungfrau unatokea mweupe wote mpaka unafumba macho. Mimi niko dirishani nakung'uta mto, wao wameshafika mbali. Hilo naliona karibu kila wiki ya kiangazi, na bado linaniuma, kwa sababu najua walivyolipia.

Kwa hiyo nakuomba ufute ratiba hiyo. Chukua ramani uitazame. St. Moritz iko mashariki karibu na Italia, Geneva iko ncha ya magharibi, kati yake ni karibu saa sita za treni. Glacier Express yenyewe ni saa nane za kukaa kitini. Vitanda sita kwa siku kumi, na mama wa miaka 69 mwenye magoti akipanda na kushuka mabehewa, nani atakuwa na nguvu ya kufurahi?

Ingieni na kutokea Zürich. Pangeni nyumba moja yenye jiko katika bonde la Lauterbrunnen, usiku wote mpaka ule wa mwisho, ambao mlale karibu na uwanja wa ndege. Kutoka uwanjani treni inawafikisha Bern, mnabadilisha kwenda Interlaken Ost, kisha treni ndogo ya dakika ishirini mpaka Lauterbrunnen. Hiyo treni ndogo muiangalie: ikifika Zweilütschinen inakatwa vipande viwili, kimoja kinakwenda Lauterbrunnen, kingine Grindelwald. Kila behewa limeandikwa linakokwenda. Nimewaona familia, baba na mabegi kipande kimoja, mama na mtoto kipande kingine, wanapungiana mikono wakidhani wanatania, kumbe wanaachana kweli. Kaeni wote behewa moja.

Bonde lenyewe ni kuta mbili za mwamba zimesimama wima, na chini kati yake majani, nyumba za mbao, ng'ombe wenye kengele. Wenyeji wanahesabu maporomoko 72. Lile la Staubbach linashuka karibu mita 300 nyuma tu ya nyumba za kijiji. Maji yakiwa bado hewani upepo unayachukua yanakuwa kama unga, na jina lake maana yake ndiyo hiyo, kijito cha vumbi. Mama ataliona akiwa amekaa kwenye benchi. Hakuna kupanda ngazi.

Na kutoka hapo kila mnachokitaka kiko karibu. Wengen ni dakika kumi na kitu kwa treni inayong'ata reli kwa gurudumu la meno. Mürren mnakwenda kwa gari la waya mpaka Grütschalp, halafu kitreni kinachopita ukingoni mwa jabali. Vijiji vyote viwili havina magari, watoto wanatembea katikati ya njia. Siku ya mvua mnashuka ziwani kupanda meli. Ziwa la Thun bado lina meli ya moshi ya 1906, Blümlisalp, na kijana wako ataweza kusimama juu ya mashine yake akaona vyuma vinavyosukuma magurudumu ya maji. Muhimu ni hili: kila asubuhi mnautazama mlima kwanza, ndipo mnaamua pa kwenda.

Sasa theluji. Mwezi wa sita bondeni hakuna. Juu ya mita elfu mbili, sehemu kama Kleine Scheidegg, mara nyingi hubaki mafungu kivulini, ila siwezi kukuahidi fungu la kivulini kwa safari kama yenu. Yenye uhakika mwaka mzima ni Jungfraujoch. Reli hiyo ilianzishwa na Adolf Guyer-Zeller mwaka 1896, wakatoboa tumbo la mlima Eiger, ikafunguliwa 1912. Yeye alifariki 1899, hakuwahi kupanda treni hiyo mpaka juu. Njiani husimama dakika chache Eismeer, ndani ya mwamba, kuna madirisha mnachungulia barafu.

Tiketi ya kwenda na kurudi kutoka Interlaken kiangazi inapita faranga 200 kwa mtu mzima, bei kamili. Ninyi ni watu wazima watatu. Hapo ndipo Swiss Half Fare Card inapojilipa: unainunua mara moja, inatumika mwezi mzima, na unalipa nusu karibu kila mahali, pamoja na Jungfraujoch. Swiss Travel Pass, tiketi moja ya kupanda treni siku zote unazolipia, ni nzuri kwa anayehama mji kila siku, lakini huko juu inapunguza robo tu, baada ya Wengen au Grindelwald. Kwa kukaa sehemu moja, chukueni ya nusu. Ombeni na kadi ya familia, hutolewa bure, watoto wa miaka 6 hadi 15 wanapanda treni, basi na meli bila malipo wakiwa na mzazi. Na mwenye nyumba atawapa kadi ya mgeni, muulizeni inafuta nauli ipi hapo karibu.

Tiketi ya juu msiinunue mkiwa Arusha. Nisikilize kwa hili, kwa sababu nilimkosesha mama yangu mzazi.

Alikuja mwaka 2018, mwezi wa tano. Nilikuwa nimeshanunua tiketi ya tarehe maalumu wiki mbili kabla, nikaogopa kupoteza fedha. Siku ikafika na mawingu. Nikampeleka hivyo hivyo. Juu hapakuonekana kitu, nyeupe chini, nyeupe juu, upepo unatupiga usoni, mlango wa kutokea kwenye theluji wameufunga kwa usalama. Mama akasimama kwenye kioo amejifunika khanga juu ya koti, akaniambia taratibu, "Ni kama Lushoto mwezi wa saba." Nililia chooni asinione.

Tukiwa tunashuka tukabadilisha treni Kleine Scheidegg. Nyuma ya jukwaa, upande usiopigwa na jua, palikuwa na lundo la theluji ya zamani iliyosukumwa kwa koleo, juu imeganda na kuingia mchanga mweusi. Mama akaiona kabla yangu. Akavua glovu, akavunja ule ukoko kwa kisigino, akachota ya ndani iliyo safi. Akaibana. Ilitoa mlio, kama unapobana unga wa muhogo mkavu kwenye kiganja. Akaitazama ikimchuruzika kwenye vidole mpaka kwenye mkono wa sweta. Kisha akafungua chupa ya chai, akajaza theluji kwenye mfuniko, akaubeba mapajani ndani ya treni mpaka Lauterbrunnen. Tulipofika palikuwa na maji ya vijiko viwili na punje tatu za mchanga. Akayanywa. Akasema hayana ladha ya mvua wala ya mto.

Mama alifariki mwaka 2021. Ndiyo maana nakuandikia kwa urefu namna hii. Ninyi mna siku tisa mahali pamoja, chagueni iliyo wazi. Kamera za mlimani zinaonyesha picha ya juu moja kwa moja, mnaitazama kwenye simu mkiwa bado kitandani. Ikiwa wazi, nendeni na treni za mwanzo, kabla mawingu ya mchana hayajapanda.

Mguu_wa_Marangu

Dada Mama Neema, pole sana, na Mungu ampumzishe mama.

Mkuu, nimepandisha wageni Kilimanjaro miaka 16, niseme la presha. Sisi tuna Mandara mita 2,720 na Horombo mita 3,720. Jungfraujoch inaangukia katikati, karibu zaidi na Horombo. Tofauti ni muda. Wageni wetu kutoka geti la Marangu wanafika Horombo siku ya pili, mwili umepata kuzoea. Ninyi mtatoka Lauterbrunnen, karibu mita 800, hadi 3,454 kwa saa kama mbili. Hewa ya juu kule ina nguvu pungufu karibu theluthi ukilinganisha na pwani.

Mama kazoea mwinuko wa Machame, hilo linamsaidia kidogo tu. Ampitie daktari wake kabla ya safari, amweleze mita hizo kwa tarakimu, asimwambie "mlimani" peke yake. Daktari ndiye aseme aende au asiende. Dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi, kwenye paketi zake, pamoja na karatasi ya daktari, zisiingie kwenye sanduku la ndege.

Akifika juu, mtoeni kwenye treni wa mwisho, msimkimbize na umati. Akae dakika kumi, anywe maji, ale kitu kidogo. Kisha mpelekeni kwanza kwenye ule mlango wa theluji, kabla ya ngome ya barafu na maduka, maana nguvu ya saa ya kwanza ndiyo nzuri. Ndani ya ngome ya barafu sakafu inateleza, magoti yake hayahitaji kule. Kwenye Sphinx, kibaraza cha juu cha kutazamia mlima, kuna lifti. Mkimuona anaumwa kichwa kinachozidi, anatapika au anayumba, msisubiri kipite, shukeni naye kwa treni inayofuata. Hata sisi huku dawa ya kwanza ni kushuka.

Saa moja na nusu huko juu inamtosha. Pole pole.

MwanaMachame

Dada Mama Neema, shikamoo. Nimemsomea mke wangu maneno yako, tumekaa kimya muda mrefu. Pole sana, na asante kwa kutufungulia moyo.

Ratiba nimeifuta. Lauterbrunnen usiku wote, Zürich usiku wa mwisho. Mwongoza wageni, asante, mama ana miadi ya kliniki mwezi ujao, nitakwenda naye na namba hizo mkononi. Mzee wa Kurasini, na mimi niliuza ng'ombe wawili, risiti ya mnada ninayo.

Limebaki moja. Kijana anapenda treni kupita kiasi, na nilikuwa nimemuahidi Glacier Express. Nimwambieje?

Juma_Lausanne

Kaka, mimi ni mwanafunzi huku Lausanne, namwelewa kijana wako. Nakubaliana na dada kuhusu kutohama hama, lakini ahadi ya mtoto nayo ni ahadi. Badala ya saa nane za Glacier Express, mpe GoldenPass Express. Inatoka Interlaken Ost, inapita Spiez na Gstaad, inashuka hadi Montreux kwenye ziwa la Geneva, kama saa tatu na robo. Asubuhi kwenda, jioni mnarudi kwenye nyumba ile ile.

Kitakachomfurahisha ni Zweisimmen. Reli ya kutoka Interlaken ina upana wa milimita 1,435, na ya kwenda Montreux ni milimita 1,000. Zamani abiria walishuka kubadilisha treni. Tangu Desemba 2022 behewa lenyewe ndilo linabadilisha: linapita polepole juu ya mtambo uliowekwa kati ya reli, magurudumu yanasogezwa ndani na sakafu yake inashuka kidogo, nanyi mmekaa ndani. Mimi mara ya kwanza niliinamisha kichwa kusikiliza. Mwambieni atulie hapo, asiwe chooni.

Bibi kama amechoka siku hiyo abaki na mama watoto. Mkifika Montreux, ngome ya Chillon iko ukingoni mwa ziwa, basi la mji linafika.

MamaNeema_Spiez

Marahaba mdogo wangu. Juma kasema vizuri, hiyo ya Montreux nendeni. Iwekeni siku ya mawingu, siku ya jua ni ya mama.

Chakula sasa. Hotelini na mgahawani sahani moja ya kawaida ni faranga 25 na kuendelea, kwa watu watano mara mbili kwa siku mtamaliza fedha siku ya nne. Ndiyo sababu nikasema nyumba yenye jiko. Madukani, Migros na Coop, kuna unga wa polenta. Ni mahindi ya njano. Chagueni uliosagwa laini, chemsheni maji, songeni kama kawaida, ila uacheni uive zaidi kuliko sembe. Mimi ndio ugali wangu, na spinachi iliyokaangwa kwa kitunguu. Mama akitaka kuonja cha kwao, aombe Rösti, viazi vilivyoparazwa vikakaangwa mpaka vikakauka nje. Aseme "ohne Käse", bila jibini, maana wengine huweka juu. Fondue na raclette, vyakula vya jibini iliyoyeyushwa, msimpeleke, harufu inajaa chumba chote.

Maji msinunue. Kila kijiji kina bomba linalotiririka kwenye birika la mawe au la mbao, wekeni chupa mnywe. Pakiwa na maandishi "Kein Trinkwasser" ndipo hayafai.

Mtatua Jumapili tarehe 14. Jumapili maduka mengi nchini yanafungwa, ya stesheni kubwa na viwanja vya ndege ndiyo hufunguliwa. Kabla hamjaondoka uwanjani Zürich nunueni mkate, mayai, maziwa, chai, na kitu cha jioni. Msisubiri kufika bondeni. Nyama na maziwa kutoka nyumbani msibebe, forodhani hawaruhusu.

Nguo. Mwezi wa sita bondeni mtavaa shati, na huko juu siku hiyo hiyo mtatetemeka. Usinunulie huku. Nendeni Memorial pale Moshi, kwenye mitumba, makoti ya mlima yamejaa. Mama apate suruali ya ndani ya kubana, sweta mbili nyembamba kuliko moja nzito, kofia inayofunika masikio, na viatu vyenye soli yenye meno. Miwani ya jua kwa wote watano, watoto hasa, theluji inarudisha mwanga unaumiza macho na kuunguza ngozi hata ngozi yetu. Glovu za mama ziwe rahisi kuvua.

Mawe yanayoteleza kwenye njia za Trümmelbach, yale maporomoko yaliyo ndani ya mlima, ni mabaya kwa goti. Ninyi wengine nendeni, mama abaki nje kwenye majani, au niambieni siku hiyo nije nikae naye. Nina mapumziko Jumatano.

MwanaMachame

Dada, nimekosa maneno. Jumatano tarehe 17 naiandika kwenye karatasi sasa hivi.

Leo jioni nimempigia mama nikamweleza habari ya mama yako, na ule mfuniko wa chupa. Alikaa kimya nikadhani simu imekatika. Kisha akaniambia nimtafutie chupa yake ya zamani ya shuleni, ile ya bluu aliyokuwa anabebea chai darasani, iko kwenye kabati la chini. Anataka kujua kama wataipitisha kwenye ndege. Pia anakusalimu sana, na anauliza akuletee nini kutoka Machame.

MamaNeema_Spiez

Mwambie wataipitisha, ikiwa tupu. Na mimi aniletee kahawa ya kihambani kwake, aliyoikaanga mwenyewe.

Treni yenu kutoka Bern itasimama Spiez kabla ya Interlaken. Nitumie namba ya behewa, nitakuwa jukwaani.